Mnazi wa Thelathini na Saba

Leo Ijumaa, tarehe 30 Septemba 1955, baada ya sala, Fundi Bwanausi bin Mwinyijuma anakabidhi funguo za hospitali yetu ndogo ya Kisimani, kando ya mji wa Bagamoyo. Ameitumikia miaka thelathini na mmoja na miezi saba. Funguo zenyewe ni kumi na nne, na tatu kati yake hazijafungua kitu chochote tangu mwaka 1940. Ameulizwa mara nyingi kwa nini hazitupi. Jibu lake ni kwamba mlango unaweza kuondoka, lakini adabu ya kuutunza haiondoki. Sisi tunaomjua tunaamini kwamba amesahau tu zilikuwa za wapi.

Kamati imenipa mimi, Mikidadi, karani wa hospitali, kazi ya kuandika maneno haya. Nimekaa na Fundi ofisi moja miaka ishirini, ikiwa panastahili kuitwa ofisi mahali ambapo nusu ni meza yangu na nusu ni kamba, misumari, ndoo za chokaa na kopo la mafuta ya nazi. Namjua vya kutosha kumsifu, naye ananijua vya kutosha kunisahihisha mbele ya watu, kwa hiyo nimejitahidi nisiongeze chumvi.

Bwanausi alizaliwa Fukayosi, akafika hapa tarehe 1 Machi 1924 akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili hivi, kuja kupaka chokaa. Kazi ilikuwa ya wiki mbili. Hospitali yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyoezekwa makuti, na birika la maji lenye ufa. Alipomaliza kuta akaona ufa wa birika, akauziba. Alipoziba ufa akaona boriti iliyoliwa na mchwa. Alipobadilisha boriti, masika yakaingia na paa likaanza kuvuja. Basi ile kazi ya wiki mbili ndiyo inayokwisha leo.

Hakufundishwa ufundi na mtu yeyote. Uashi, useremala na mambo ya mabomba aliyasoma kwa mikono yake, na makosa ya mwanzo bado yapo, kama dirisha la duka la dawa linalofunguka kwa ndani na kumpiga kichwani kila dresa mpya anayekuja kufunga vidonda. Kila asubuhi huzunguka hospitali nzima akigonga kuta kwa kidole na kutega sikio. Mlango ukilia, huutia mafuta ya nazi papo hapo, kwa kuwa anasema mgonjwa akisikia mlango unalia huanza kuwaza mabaya. Madaktari tisa wamepita hapa katika wakati wake, naye Fundi alimwita kila mmoja mgeni mpaka aishi masika moja chini ya paa letu.

Daftari lake la matengenezo liliwahi kutupatia heshima tusiyostahili. Huliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mwaka 1934, kabla yangu, mkaguzi mmoja kutoka Dar es Salaam aliliona mezani, akadhani ni msahafu. Akavua kofia, akaliinua kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati mahali pa juu kabisa. Ukurasa uliokuwa wazi ulihusu choo cha wanaume kilichoziba. Hakuna aliyemwambia, na tangu siku hiyo daftari hukaa palepale juu ya kabati.

Wakati wa vita misumari ilipoadimika, alinyoosha ile ya zamani mmoja mmoja juu ya jiwe. Wagonjwa wakiuliza kama kitanda ni imara, aliwajibu kuwa kimeshikwa na misumari iliyokwenda ikarudi, na inayorudi ndiyo inayoijua njia. Nayataja haya ili mjue kwamba ni mtu wa mzaha, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza sasa halikuwa la mzaha.

Mwaka 1931, katikati ya masika, dada yake wa pekee, Sikuzani, alishikwa na uchungu wa uzazi huko Fukayosi. Siku mbili zikapita mtoto hatoki. Wanaume wanne wakamlaza juu ya kitanda, wakaanza safari ya kuja huku. Walipofika kivukoni, Mto Ruvu ulikuwa umejaa na mtumbwi uko ng'ambo. Sikuzani alifariki pale ukingoni, na mtoto wake tumboni. Wakageuza kitanda, wakarudi naye kwao.

Aliyemweleza Bwanausi habari hizo alidhani atalia. Yeye aliuliza swali moja tu: kama wangevuka, angewekwa wapi? Kila mtu alijua jibu. Hospitali haikuwa na hata kona moja ya wazazi. Tangu siku ile alikuwa na neno moja. Kila daktari aliyefika, kila mzee wa kamati, kila mkubwa aliyekuja kutazama, aliambiwa habari ya wodi ya wazazi. Alisema hospitali iwe na mahali ambapo mwanamke anaweza kuja wiki mbili kabla ya siku zake, akakaa, asisubiri mto upungue. Ilimchukua miaka mitano. Mwishowe wakubwa walikubali kutoa mabati na vitanda vinane, watu wa mji wakatoa mawe na boriti, na yeye akatoa mgongo wake. Wodi ilifunguliwa Juni 1937. Nilikuwapo. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, na alikuwa amegonga kila ukuta mara mbili.

Wanawake wawili walijifungua humo mwezi wa kwanza. Baada ya hapo hakuja mtu.

Hapa inanibidi nikiri la kwangu. Mwandishi wa taarifa ya kila mwezi ni mimi. Julai niliandika sifuri, Agosti nikaandika sifuri, na mwandiko wangu, Mungu anisamehe, ni mzuri, kwa hiyo sifuri zile zilisomeka vizuri sana huko zilikokwenda. Septemba barua ikarudi. Ikiwa mpaka mwisho wa Desemba hawatapatikana wazazi, vitanda vyote vinane vihamishiwe kwingine, na chumba kifanywe ghala. Nilimsomea Bwanausi barua hiyo polepole. Aliniomba nirudie, halafu akatoka kwenda kutia mafuta mlango ambao haukuwa unalia.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Dresa alisema wanawake wanaogopa sindano. Daktari wetu wa wakati huo, Mgoa mmoja mwenye haraka, alisema ni ujinga tu. Wazee wa kamati walisema ni mbali. Bwanausi alipaka chokaa upya, akabadilisha mapazia, akapanda asumini dirishani. Hawakuja. Na nyumbani kwake mwenyewe, mkewe Mwanamvua alikuwa na mimba ya miezi saba.

Yaliyofuata amenisimulia mara nyingi, naye Mwanamvua ameyathibitisha, kwa hiyo nayaandika kama yalivyosemwa.

"Mama Adija," Bwanausi alimwambia mkewe walipokuwa wakila, "siku zako zikifika utazalia wodini kwetu. Watu wakikuona wewe, watakuja."

"Sizalii huko."

"Kwa nini? Kitanda nimekuchagulia mwenyewe, cha dirishani."

"Kitanda sina ugomvi nacho, Baba Adija. Sitaki kondo la mwanangu lichomwe pamoja na vitambaa vya vidonda."

"Nani anayechoma kondo la mtu?"

Mwanamvua alimsogezea mchuzi. "Wewe," alisema.

Bwanausi anasema hapo alinawa mikono, chakula kikiwa bado sahanini. Wenyeji wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya wageni waliomo leo: mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma huoshwa, hufunikwa, na huzikwa nyumbani kwao. Hapo ndipo panapokuwa kwao. Likipotea au likichomwa, wazee husema mtoto atatangatanga maisha yake yote na mama hatazaa tena. Sheria ya hospitali ilikuwa kwamba kila kinachotoka wodini kichomwe. Dresa alimletea Bwanausi ndoo iliyofunikwa, na Bwanausi, kwa adabu, hakuifunua. Mambo ya ukunga si ya wanaume. Aliichukua ndoo, akaipeleka kwenye tanuri alilolijenga nyuma ya wodi ileile, akawasha moto. Mara mbili. Wanawake waliona moshi. Mmoja wa watoto wale wawili alipata homa akiwa na siku nane, na habari zikatembea kutoka Zinga mpaka Lugoba. Nao kwa adabu zao hawakumwambia mwanamume.

Asubuhi alikuja ofisini akakaa juu ya ndoo ya chokaa. Sijawahi kumwona vile, kabla wala baada.

"Mikidadi," alisema, "nimemjengea Sikuzani nyumba, kisha nimekaa mlangoni nafukuza wageni wake."

Nilimpa chai. Alipoimaliza alisimama, akaenda kwa daktari.

Daktari alisikiliza akiwa amesimama. Alisema hospitali haiwezi kuwapa watu vitu vya namna hiyo mkononi, kuna nzi, kuna mbwa, kuna harufu. Bwanausi alikwisha fikiria yote. Chungu kidogo chenye kifuniko, jivu chini, jivu juu, kifungwe kwa kitambaa cheupe, wakabidhiwe wanawake wa ukoo siku hiyohiyo, na shimo lichimbwe kina cha kiuno cha mtu mzima. Daktari alifikiri, akasema atakubali mpaka Desemba, kwa kuwa baada ya Desemba hapatakuwa na la kukataa.

Jumamosi ile Bwanausi alikwenda kwa baiskeli mpaka Fukayosi kwa wafinyanzi, akapakia vyungu ishirini. Alivuka Ruvu pale kivukoni, mahali palepale. Vyungu saba vilivunjika njiani, kumi na tatu vikafika.

Lakini chungu peke yake hakiwezi kumshawishi mwanamke. Palihitajika mtu. Mkunga wa mji alikuwa Bi Somoe, mama aliyezalisha nusu ya Bagamoyo, na kwake hospitali ilikuwa mahali pa kwenda kufia. Bwanausi alikwenda kubisha hodi kwake siku tatu. Siku mbili za kwanza aliambiwa Bibi amelala. Siku ya tatu alipokewa, kwa sababu, kwa maneno ya Bi Somoe mwenyewe, alichoka kukiona kivuli chake mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vyungu vyako nimekwisha visikia. Moshi wako naujua tangu zamani. Vunja tanuri kwanza, ndipo tuzungumze."

Tanuri lile alilijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na lilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alilivunja Ijumaa alasiri, wakati wanawake wakipita kwenda kisimani, akipiga nyundo taratibu ili kila mtu apate nafasi ya kusimama na kutazama. Jipya alilijenga mbali, nje ya ua, na kwa mbele aliliacha wazi ili anayetaka achungulie aone kinachochomwa. Bi Somoe alichungulia mwenyewe, siku tatu mfululizo. Siku ya nne alikuja hospitali na kanga mpya, akauliza kazi yake ni ipi.

Daktari alisema hawezi kumwajiri mama asiyejua kusoma. Bwanausi alimjibu kwamba watoto wanaozaliwa nao hawajui kusoma, wataelewana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona daktari yule akicheka. Bi Somoe aliandikwa mtumishi wa wodi, akatutumikia miaka kumi na miwili, Mungu amrehemu, na manesi aliowafundisha ndio wanaoiendesha wodi hii leo.

Katikati ya Ramadhani, mnamo saa nane mchana, Mwanamvua alifika akitembea kwa miguu yake, akalala kitanda cha dirishani. Bwanausi hakuweza kukaa. Alichukua kopo lake, akatia mafuta bawaba zote za hospitali, pamoja na zile alizozitia asubuhi. Siku ile hapakuwa na mlango hata mmoja uliotoa sauti, na ndiyo sababu mtoto alipolia nilimsikia mpaka ofisini kwangu. Nilitoka nje nikamkuta Fundi ameegemea ukuta, kopo limeanguka, mafuta yote yako chini, na machozi yanamtoka wazi bila kuyafuta. Alikuwa binti. Walimwita Mina.

Jioni ile, kabla ya futari, Bi Somoe alitoka langoni amebeba chungu kilichofungwa kitambaa cheupe. Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya mji, mbele ya vibaraza vyote, na kila aliyemsalimu alimjibu kwa sauti kubwa kwamba anampeleka Mina kwao.

Wiki ile walikuja wanawake watatu kutoka Zinga. Kufikia mwisho wa Desemba walikuwa kumi na wanne, na vyungu vikatuishia. Taarifa ya mwaka niliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuandika. Vitanda havikuhama. Leo ni ishirini na viwili, na mwaka jana Mina alijifungua mwanawe wa kwanza kwenye kitanda kilekile cha dirishani.

Limebaki jambo moja. Katika wazazi wetu walikuwamo wake za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, watu waliotoka mbali mno, ambao hapa pwani hawakuwa na kwao pa kuzikia chochote. Mzazi wa kwanza wa namna hiyo alipopewa chungu chake, alilia, akasema hajui akipeleke wapi. Bwanausi alikichukua, akachimba shimo nyuma ya wodi, pale lilipokuwa tanuri la zamani, akakizika, na juu yake akapanda mche wa mnazi. Alimwambia yule mama, "Mwanao akiulizwa kwao wapi, aseme ana mnazi Kisimani."

Hiyo ndiyo asili ya minazi yetu. Kila mmoja una mwenyewe, na Fundi hakubali utani juu yake. Mimi niliwahi kuangua dafu moja bila kuuliza. Alisubiri mpaka mwenye mnazi alipoletwa kupigwa sindano ya ndui, akanisimamisha mbele yake niombe radhi. Mwenye mnazi alikuwa na miaka minane. Alifikiri sana, akanisamehe.

Mwaka juzi nilitakiwa kuandika orodha ya mali ya hospitali, minazi ikiwamo. Katika kitabu cha wazazi nilikuta vyungu thelathini na sita vilivyozikwa hapa. Nikaenda nyuma kuhesabu minazi, nikapata thelathini na saba. Nikarudia, ikawa vilevile. Kama kawaida yangu, nilimwendea Fundi nikamwambia amekosea hesabu.

"Hesabu yako ni sahihi na yangu ni sahihi," alisema. "Ule wa mwanzo, karibu na dirisha, niliupanda kabla ya yote. Chini yake hamna chungu. Ni wa Sikuzani na mwanawe."

Nimemwomba ruhusa ya kuliandika hili, akaniambia niandike, maana wodi imekua na watu wajue inamhusu nani. Tangu mnazi ule uanze kuzaa, madafu yake hayajauzwa wala kuliwa na mtumishi yeyote. Kila mama anapojifungua, Fundi humkatia moja, na hicho ndicho kinywaji chake cha kwanza. Sasa mnajua lilikokuwa likitoka.

Fundi Bwanausi anarudi Fukayosi, kwao, lilikozikwa kondo lake. Kazi yake tumewapa watu wawili, na tayari wamekuja kuuliza nani wa tatu. Kwa niaba ya madaktari, manesi, madresa, wapishi, wafagiaji na karani wake, tunasema ahsante kwa paa, kwa milango, kwa maji, na kwa kuwa tayari kuvunja kazi nzuri ya mikono yako ulipojua ilikuwa inawaumiza watu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi wa mchana usiokatizwa na bomba, na akupe wajukuu wa kukusumbua badala yetu. Ukisikia mlango unalia huko Fukayosi, uache ulie.

Leo asubuhi alinijia ofisini kwa mara ya mwisho, akaniambia mnazi wa Sikuzani ukwewe, na madafu yote yagawiwe wageni baada ya dua. Kwa hiyo utakapopewa dafu lako, lipokee kwa mikono miwili. Anayetukaribisha leo ni mwenye nyumba ambaye hakuwahi kufika.